Treni ya "Katanga" ambayo haikupita Katanga



Jioni moja mwezi uliopita tulikuwa tumekaa uani kwa jirani yangu hapa Kalemie, watu kama ishirini hivi. Jenereta ilikuwa na mafuta, televisheni ikawekwa juu ya meza. Wengi wa waliokuwepo ni familia zilizokimbia vijiji vya upande wa Nyunzu na ambazo hazijarudi mpaka leo. Sinema iliyopita ilikuwa ya zamani. Kwa Kifaransa inaitwa Le Dernier Train du Katanga, yaani treni ya mwisho ya Katanga. Treni ya mvuke inakata msitu, mamluki wako juu ya mabehewa, waasi wanapiga risasi. Watoto wakashangilia: "Treni ya kwetu!"

Kulikuwa na mzee mmoja ambaye alifanya kazi ya kutengeneza njia ya reli zaidi ya miaka thelathini. Akatikisa kichwa.

"Bana wangu, ile haiko reli ya kwetu."

"Papa, wameandika Katanga pale," kijana mmoja akamjibu.

"Waandike wanavyotaka. Muangalie upana wake."

Watu wakacheka, sinema ikaendelea. Lakini neno la mzee halikunitoka kichwani, nikaenda kutafuta. Mzee alikuwa na haki.

Sinema hiyo ilitoka mwaka 1968. Iliongozwa na Jack Cardiff, na wachezaji wakubwa ni Rod Taylor na Jim Brown. Ilitokana na kitabu cha Wilbur Smith cha mwaka 1965. Hadithi inasimulia Kongo wakati wa uasi wa Simba: mamluki wanatumwa na treni kwenda kuokoa watu na almasi kabla waasi hawajafika. Uasi wenyewe ni wa kweli, wazee wetu waliuona mwaka 1964. Lakini treni ile na njia ile ni za Jamaica, kisiwa cha bahari ya Karibi, ng'ambo ya Atlantiki. Waliotengeneza sinema walikwenda huko kwa sababu Jamaica ilikuwa na treni ya mvuke inayotembea, kulikuwa na usalama, na gharama ilikuwa nafuu. Kwetu hali ilikuwa nyingine. Mwaka 1967 mamluki wa Jean Schramme waliteka Bukavu na kukaa humo miezi kadhaa.

Sasa, mzee alijuaje? Reli ya Jamaica ni ya zamani sana, ilifunguliwa mwaka 1845 kati ya Kingston na Spanish Town. Upana wake kati ya chuma na chuma ni milimita 1,435. Reli yetu inayofika Kalemie ina milimita 1,067. Tofauti ni milimita 368, yaani rula ya shule pamoja na vidole vinne. Mtu aliyepima njia hiyo kila asubuhi miaka thelathini hahitaji rula. Anaangalia behewa linavyokaa juu ya magurudumu. Kwenye njia nyembamba, mara nyingi mwili wa behewa unatokeza sana nje ya reli, kama mtu mnene aliyekaa juu ya kiti kidogo. Kwenye njia pana, reli ziko karibu na ukingo wa behewa.

Upana huu una historia yake, na kwa mzee ni historia ya nyumbani. Kampuni ya reli ya Maziwa Makuu, ambayo wazee wanaiita CFL, ilianzishwa mwaka 1902. Mwaka 1906 ilifungua njia ya kilometa 125 kutoka Stanleyville mpaka Ponthierville, siku hizi Kisangani na Ubundu. Halafu ikaja njia ya Kindu mpaka Kongolo, na mwaka 1915 reli ikafika hapa ziwani kutoka Kabalo, kilometa 273. Wakati huo mji wetu uliitwa Albertville. Njia hizo zote zilijengwa kwa upana wa milimita 1,000, na reli ya kusini ya Katanga ilikuwa na 1,067. Treni ya huku haikuweza kupita kule. Ndipo mwaka 1955 njia yetu ikapanuliwa kwa milimita 67, na mwaka 1956 Kabalo ikaunganishwa na Kamina. Njia ya Kisangani na Ubundu, ambayo haijaungana na nyingine, ilibaki na milimita 1,000. Baba yake mzee huyu alikuwa kati ya watu waliofanya kazi ya kupanua. Kwa hiyo upana ambao sisi wengine hatuuoni hata tukivuka reli kila siku, yeye aliukuta mezani kwa baba yake.

Kutambua treni ya kweli ndani ya televisheni si mchezo wa mzee wetu peke yake. Katika inchi nyingi kuna watu wanaoufanya kwa bidii, na wamegundua mambo mengi. Mfano mzuri ni kichwa cha treni kimoja cha Marekani kinachoitwa Sierra Namba 3. Kilitengenezwa mwaka 1891 huko Paterson, New Jersey, na kimehifadhiwa mpaka leo katika mji mdogo wa Jamestown, California. Kina magurudumu manne madogo mbele na sita makubwa nyuma yake. Waliokaa mbele ya televisheni za Kifaransa wamekiona bila kukijua. Kimo katika La Petite Maison dans la prairie, ingawa hadithi ile ni ya Minnesota, mbali sana na California. Kimo katika sinema ya mwaka 1952 ambayo Wafaransa waliiita Le train sifflera trois fois. Kimo pia katika sehemu ya tatu ya Retour vers le futur ya mwaka 1990. Humo kilipewa namba 131, na hadithi inasema ni mwaka 1885. Hesabuni wenyewe: kichwa hicho cha treni kinatembea miaka sita kabla hakijazaliwa!

Hapo kuna fundisho. Mwenye sinema anaweza kubadili namba kwa rangi. Anaweza kuandika jina la mji mwingine juu ya kituo. Lakini hesabu ya magurudumu haibadiliki, milima ya nyuma haihami, na hakuna anayeng'oa kilometa za reli ili apige picha ya dakika mbili. Anayetaka kujua picha ni ya wapi aanze na vile vitu ambavyo ni vigumu kugeuza.

Mtaniuliza: katikati ya taabu hizi, habari za sinema zinatusaidia nini? Nawajibu kwa jambo lililotokea hapa hapa, siku chache baada ya jioni ile.

Picha ilianza kupita katika telefone. Treni imeanguka, mabehewa yamelala ubavuni, watu wamesimama pembeni. Chini yake kumeandikwa kwamba imeshambuliwa karibu na Nyunzu, na kwamba njia yote imefungwa. Mama mmoja kati ya wale waliohama alikuwa amejiandaa kurudi kulima. Alikuwa na mbuzi watatu na magunia mawili ya mahindi aliyotaka kusafirisha kwa treni. Alipoiona picha akauza vyote siku hiyo hiyo, kwa bei ya hofu. Tunajua kwa nini aliamini. Ajali za kweli zipo: mwezi wa Septemba 2019 treni ilianguka Mayibaridi, katika jimbo letu la Tanganyika, na watu wengi walikufa. Aliyeungua na uji wa moto hupuliza hata maji baridi.

Nilimpelekea mzee picha ile. Akaisogeza karibu na macho, akakaa kimya, halafu akauliza: "Hizi nyaya za juu ni za nini?"

Kweli, juu ya reli kulikuwa na nyaya za umeme, zimeshikwa na nguzo kila baada ya hatua kadhaa. Reli ya umeme ipo Kongo, lakini ni kule kusini. Kati ya Likasi na Tenke treni za umeme zilianza mwaka 1952, na baadaye nyaya ziliongezwa. Huku kwetu, kati ya Kabalo na Kalemie, hakuna nyaya za treni. Picha ile ilikuwa ya mahali pengine. Hata hivyo hatukuishia hapo, maana picha inaweza kuwa ya uongo na habari ikawa ya kweli. Tulipiga simu kwa watu watatu wa Nyunzu wasiojuana. Wote walisema hakuna treni iliyoanguka wala kushambuliwa. Tukatangaza redioni. Lakini mbuzi wa mama walikuwa wamekwisha kuuzwa, na aliyenunua hakukubali kuwarudisha.

Ndugu zangu, mkiona treni ndani ya televisheni au ndani ya telefone na mkaambiwa ni ya kwetu, angalieni upana wa reli. Angalieni kama kuna nyaya juu. Angalieni milima, miti na maandishi ya kituo. Mjue pia kwamba alama moja haitoshi. Zambia, Angola na reli ya TAZARA zina milimita 1,067 kama sisi, kwa hiyo upana unaweza kukuambia "hii haiko ya kwetu," lakini hauwezi peke yake kukuambia "hii ni ya kwetu." Ng'ambo ya ziwa, Kigoma, reli ya zamani ina milimita 1,000. Baada ya macho, piga simu. Baada ya simu ya kwanza, piga ya pili.

Na jambo la mwisho. Watengeneza sinema walipotaka treni ya Katanga waliikuta Jamaica. Treni yetu yenyewe, ile ya Kindu, Kongolo, Kabalo, Nyunzu na Kalemie, tunaiona mara chache sana katika sinema. Iko vichwani mwa wazee waliofunga mataruma, waliotia kuni na makaa, waliopiga filimbi kituoni. Wengine kati yao wako katika kambi za wakimbizi wa ndani, na hakuna anayewauliza kitu. Kama katika familia yako kuna mzee wa reli, mama au baba, mlete redioni siku ya Jumamosi mchana. Tutamrekodi kwa lugha yoyote anayotaka. Mzee wa jioni ile atakuwepo. Na yule mama wa mbuzi amesema atakuja kumsikiliza, kwani bado anataka kurudi nyumbani kwa treni.