Joto, Moshi na Vitundu vya Majani katika Historia ya Lubumbashi

Historia ya Lubumbashi huandikwa zaidi kwa kufuata shaba, reli na kampuni, ilhali misitu iliyouzunguka mji huo nayo ina historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilipitia katika vitundu visivyoonekana kwa macho matupu, ambavyo wataalamu wa mimea huviita stomata. Vitundu hivyo viko kwenye ngozi ya jani, hasa upande wa chini, na kwa njia yake jani huvuta hewa ya ukaa linayotengenezea chakula na kutoa mvuke wa maji. Kila kitundu kimezungukwa na seli mbili linzi, yaani seli zinazokifungua zinapojaa maji na kukifunga zinapolegea.

Mwanga ndio huanza kuvifungua vitundu asubuhi, lakini joto huamua kwa kiasi kikubwa kasi na upana wake. Katika baridi kali seli linzi hufanya kazi polepole. Joto linapopanda kwa wastani, na mizizi ikiwa na maji, vitundu hupanuka. Na joto linapozidi huku hewa ikiwa kavu, jani hupoteza maji upesi kuliko linavyoyapata, hivyo vitundu hupungua upana au kufungwa kabisa wakati wa adhuhuri.

Kanuni hiyo ina uzito wa pekee Lubumbashi, mji ulio kwenye uwanda wa juu wenye mwinuko wa zaidi ya meta 1,200, ambako mvua hunyesha hasa kuanzia Novemba hadi Machi, usiku wa Juni na Julai huwa wa baridi, na Oktoba huwa na joto kali kabla ya mvua kukolea. François Malaisse, aliyefundisha katika chuo kikuu cha mji huo na kuongoza uchunguzi wa misitu ya miombo katika eneo la Luiswishi, aliugawa mwaka katika majira matano badala ya mawili, akitenga kiangazi cha baridi na kiangazi cha joto. Mgawanyo huo ulikuwa na sababu nzuri, kwa kuwa miti mingi ya miombo, kama ile ya jenasi Brachystegia na Julbernardia, huchipua majani mapya mekundu katika kiangazi cha joto, kabla ya mvua, ikitegemea maji yaliyobaki ndani ya mti na chini ya ardhi.

Katika kalenda hiyo ya majani ndimo tanuri la kuyeyushia shaba lilimoingia. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, reli kutoka kusini ikafika mwaka 1910, na mwaka 1911 tanuri likaanza kazi kando ya mto Lubumbashi. Mawe ya mwanzo, yaliyotoka mgodi wa Étoile, yalikuwa na salfa kidogo. Lakini mgodi wa Kipushi, uliopanuka kuanzia miaka ya 1920, ulileta mawe yenye salfa nyingi, na kuyachoma kulitoa dioksidi ya salfa, gesi kali inayogeuka asidi inapokutana na maji.

Gesi hiyo huingia ndani ya jani kwa mlango uleule wa hewa ya ukaa, kwa hiyo madhara yake hutegemea kama mlango uko wazi. Upepo wa kusini-mashariki, unaotawala wakati wa kiangazi, uliupeleka moshi kaskazini-magharibi, kuelekea eneo la Penga Penga. Mti uliopukutisha majani yake wakati wa baridi ulikuwa na kinga kwa muda, lakini majani machanga ya Septemba na Oktoba, yakifungua vitundu vyake asubuhi zenye vuguvugu, yaliupokea moshi kabla mvua haijaanza kuisafisha hewa. Pamoja na ukataji wa miti kwa ajili ya makaa, na vumbi la shaba lililotua ardhini mwaka hadi mwaka, moshi huo uliacha eneo kubwa bila msitu.

Kampuni ilitaifishwa tarehe 1 Januari 1967 na baadaye ikaitwa Gécamines. Uzalishaji wake ulipoporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, moshi ulipungua sana, lakini miombo haikurudi, kwa sababu sumu ilikuwa imekwisha kuhamia kwenye udongo. Watafiti wa Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi walilazimika kuanza na nyasi, hasa Microchloa kunthii, ambayo huvumilia shaba na kufunika ardhi isipeperushwe.

Historia hiyo inaonyesha kwamba uharibifu wa viwanda haupimwi kwa wingi wa moshi pekee, bali pia kwa msimu ambao moshi hulikuta jani. Madini yanapoendelea kuyeyushwa kote Katanga na joto la dunia likizidi kupanda, haki ya msitu na ya watu wanaoishi kando yake inadai kwamba kalenda ya miti izingatiwe kwa umakini uleule unaotolewa kwa kalenda ya uzalishaji.