Mashahidi Juu ya Mashahidi: Yusuf bin Hasan wa Mombasa katika Matini za Wengine

Katikati ya mwezi wa Agosti 1631, siku za sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, mfalme wa Mombasa aliingia katika ngome ya Wareno pamoja na watu wake, akamuua kapteni wa ngome, Pedro Leitão de Gamboa. Katika siku chache zilizofuata waliuawa karibu watu 300 wa upande wa Wareno: askari, makasisi wa shirika la Mtakatifu Augustino, wanawake, watoto, na Wakristo wenyeji. Mfalme huyo alikuwa na majina mawili. Wareno walimjua kwa jina la ubatizo, Dom Jerónimo Chingulia. Jina alilozaliwa nalo lilikuwa Yusuf bin Hasan. Kisa chake hakikosekani katika vitabu vya historia ya pwani ya Kenya, lakini kwa kawaida hupewa aya moja au mbili tu, baina ya ujenzi wa ngome na kuja kwa Waomani. Makala haya hayakusudii kuirefusha aya hiyo. Swali lake ni la kifasihi: matini zilizokihifadhi kisa hiki ni za utanzu gani, na utanzu huo umemfanya nini mhusika wake?

Usuli wake waweza kuelezwa kwa ufupi. Tangu Vasco da Gama alipofika mwaka wa 1498, Malindi ilichagua urafiki na Wareno kwa kuwa Mombasa, hasimu wake wa siku nyingi, ilichagua uadui. Mombasa ililipa gharama ya uchaguzi huo kwa moto, mara ya kwanza mwaka wa 1505. Mwaka wa 1589, baada ya mji kuvamiwa na Wazimba kutoka bara huku merikebu za Wareno zikimshambulia Mir Ali Bey, Mturuki aliyekuwa amejikita hapo, nasaba ya kale ya Mombasa ilidhoofika hata ikaanguka, na Wasegeju walioilinda Malindi wakaufungua mji kwa ajili ya sultani wa Malindi. Sultani Ahmad akahamia Mombasa. Mwaka wa 1593 Wareno walianza kujenga ngome waliyoiita kwa jina la Yesu, kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati. Ukoo wa Malindi uliahidiwa theluthi ya ushuru wa forodha. Kwa hiyo rafiki alipewa kiti cha hasimu wake, na papo hapo akajengewa ngome juu ya kichwa chake.

Mwana wa Ahmad, Hasan, aliuonja utamu wa urafiki huo. Aligombana na kapteni wa ngome juu ya mapato na biashara, na mwaka wa 1614 akakimbilia bara kutafuta hifadhi kwa watu ambao Wareno waliwaita Musungulos, na ambao wanahistoria wengi huwahusisha na mababu wa Wamijikenda. Wareno waliwahonga wenyeji hao kwa nguo. Hasan akauawa na waliompokea, na kichwa chake kikapelekwa Goa. Mwanawe Yusuf, mtoto wa miaka kama saba, naye alipelekwa Goa. Alilelewa katika nyumba ya Waagustino, akabatizwa, akatumikia katika merikebu za Wareno na kujifunza kazi ya mizinga, akaozwa mke Mkristo, Dona Isabel, kisha akarudishwa Mombasa kuwa mfalme. Mtoto alilelewa katika mji uleule uliopokea kichwa cha baba yake. Jambo hili halihitaji kupambwa na msimulizi yeyote, na ajabu ni kwamba wengi wa waliosimulia kisa hiki walilipita bila kusimama.

Chanzo kikuu cha habari za mwaka wa 1631 ni ushahidi wa kiapo uliokusanywa Goa baada ya maangamizi hayo. Msomaji wa lugha nyingine nyingi hana budi kuelezwa kwa kirefu jambo ambalo msomaji wa Kiswahili analipata katika neno moja. Kwa Kiswahili, *shahidi* ni yule aliyeona na kulieleza jambo mbele ya hakimu. *Shahidi* pia ni yule aliyekufa kwa ajili ya dini yake. Shauri la Goa lilikuwa na mashahidi wa aina zote mbili: mashahidi hai waliapishwa ili kuthibitisha kwamba waliokufa walikuwa mashahidi. Kanisa lilitaka kujua kama watu wale walikufa kwa chuki dhidi ya imani, na kama walipewa nafasi ya kuikana imani hiyo wakakataa. Halikuwa na haja kubwa ya kujua kwa nini mfalme aliasi.

Tofauti hii ndiyo ufunguo wa matini yenyewe. Katika mashauri ya namna hiyo maswali huandikwa kabla ya majibu. Shahidi haanzi kusimulia pale anapotaka, wala haishii pale habari inapomwishia. Anajibu vifungu vilivyokwisha pangwa, na karani anaandika. Aliyezungumza lugha nyingine isiyokuwa Kireno alifika katika karatasi akiwa tayari amegeuzwa Mreno. Zaidi ya hayo, shahidi aliye hai mbele ya hakimu wa kanisa anakabiliwa na swali ambalo halikuandikwa: wengine walikufa, wewe ulibakije? Jibu jepesi ni kuukuza ukatili wa mfalme na uthabiti wa marehemu, mpaka pasibaki nafasi ya mtu wa kawaida katikati yao. Hii haina maana kwamba mashahidi walisema uongo. Mauaji yalitendeka, wanawake na watoto wakiwamo, na hakuna nadharia ya uhakiki iwezayo kuyafuta. Linalosemwa hapa ni kwamba mpangilio wa kisa, yaani nani anazungumza, nani ananyamaza, tukio lipi ni kilele, umetoka katika utanzu wa habari za watakatifu. Katika utanzu huo mtesaji ni mhusika bapa kwa lazima. Akipewa sababu, mashahidi wanapungukiwa na taji lao.

Hata hivyo matini haikuweza kuifunga midomo yote. Tukio linalosemekana kuwa chanzo cha maasi lina umbo tofauti kabisa na mengine. Mfalme Mkristo alionekana akisali kwenye kaburi la baba yake kwa desturi ya Kiislamu. Habari zikafika kwa kapteni, ikawa dhahiri kwamba mfalme atakamatwa na kurudishwa Goa kuhukumiwa. Naye akatangulia kupiga. Kwa msomaji wa kanisa, tukio hili ni ushahidi wa uasi wa dini. Kwa msomaji aliyelelewa katika simulizi za pwani, ni mtoto aliyekwenda kumzuru mzazi, na dua ya kaburini ndiyo haki ya mwisho ambayo marehemu anamdai mwanawe. Sentensi moja, katika matini ileile, inabeba hukumu na utetezi kwa pamoja. Mhakiki hana haja ya kubuni sauti ya Yusuf. Mahali hapo mshono wa vazi umeachia wenyewe.

Baada ya uhuru wa 1963 ilikuwa rahisi kuugeuza upande wa picha: dhalimu wa makasisi akawa shujaa wa taifa, mtangulizi wa wapigania uhuru. Usomaji huu una haki yake, maana ulirudisha swali la sababu lililoachwa nje ya shauri la Goa. Lakini umbo la kisa haukuligusa. Bado kuna mwovu na mwema. Wamebadilishana viti tu. Usomaji huo unakwazwa na mambo mawili hasa. La kwanza ni kifo cha Hasan, aliyeuawa na watu wa bara waliolipwa kwa nguo. Hapo mpaka baina ya mgeni na mwenyeji hauendi sambamba na mpaka baina ya adui na rafiki. La pili ni kwamba wengi wa waliouawa mwaka wa 1631 hawakutoka Ureno. Wapo Wakristo Waafrika waliokufa siku zile, na taifa linalomtafuta shujaa halina mahali pa kuwazika.

Matini nyingine inamwangalia mfalme huyu kwa mbali zaidi, nayo ipo wazi kwa yeyote anayepita mlangoni pa ngome. Ni maandishi ya mawe ya kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyeshika uongozi mwaka wa 1635. Maandishi yana tarehe ya 1639. Kapteni anaeleza kwamba alikuwa na umri wa miaka 27, kwamba aliijenga upya ngome, aliwarudisha watu wa pwani chini ya mfalme wa Ureno, aliwatoza kodi wafalme wa Manda, Luziwa na kwingineko, aliibomoa kuta za Pate na Siyu, aliwaadhibu Musungulos, na huko Pemba akawaua viongozi wa waasi. Mwanafunzi wa fasihi simulizi atautambua utanzu huu mara moja: haya ni majigambo. Yana orodha ya maadui, miji iliyoshindwa, na nafsi inayojikweza katikati. Tofauti ni kwamba mwenye kujigamba kwa Kiswahili au kwa lugha nyingine za Kibantu husimama mbele ya hadhira inayoweza kumcheka, ilhali kapteni alijigamba kwa jiwe. Tena majigambo yake yanaishia kwa hesabu ya malipo: heshima ya nyumba ya mfalme, fedha za kila mwaka, ugavana wa Jafnapatam na mahali pengine. Shairi likageuka kuwa hati ya madai. Na Yusuf? Ametajwa bila jina. Ni mfalme dhalimu tu, ambaye chini yake watu wa pwani walikuwa wameasi.

Basi shauri la Goa lina jina lake la ubatizo, na jiwe la mlangoni halina jina lolote. Hapo ndipo fasihi ya Kiswahili ilitarajiwa kujaza pengo, na ndipo inapowashangaza wengi, maana katika tendi mashuhuri za pwani hakuna hata moja iliyomchukua Yusuf bin Hasan kuwa mhusika wake mkuu. Fumo Liyongo, ambaye wakati wake hauna hata tarehe ya kukubaliana, ana nyimbo zinazohusishwa naye na ana utendi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka wa 1913. Yeye naye aliuawa kwa hila ya mtu wa karibu, mwanawe mwenyewe, aliyehadaiwa kwa ahadi. Visa viwili vyenye usaliti, uhamisho na kiti cha ufalme. Kimoja kikawa utendi, kingine kikaachiwa makarani.

Wengine wameeleza ukimya huu kwa kusema kwamba washairi wa zamani walipenda vita vya mbali, vya Mtume na masahaba zake, kuliko vita vya nyumbani. Utendi wa Tambuka, unaopewa tarehe ya 1728, hutolewa kuwa mfano: Bwana Mwengo wa Athumani anasimulia vita vya Waislamu na Warumi, na mwaka huohuo Wareno walikuwa wamerudi Mombasa. Inavutia kuusoma utendi huo kuwa fumbo juu ya Wareno, lakini fumbo hilo si jepesi kama linavyodhaniwa, kwa sababu Pate ilikotungwa kazi hiyo ndiyo iliyowaita Wareno wasaidie dhidi ya Waomani, kabla ya kugeukana nao. Hoja ya umbali haitoshi.

Sababu yenye nguvu zaidi imo katika ufadhili wa historia yenyewe. Maandishi ya kihistoria ya pwani kwa sehemu kubwa ni maandishi ya nasaba. Habari za Pate zilihifadhiwa katika ukoo wa Wanabhani, na nakala walizochapisha Stigand na Werner katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 zilitokana na kumbukumbu za mtu wa ukoo huo, Bwana Kitini. Sultani aliyetawala alikuwa na wajukuu, na wajukuu walikuwa na sababu ya kukumbuka. Yusuf alikuwa wa mwisho. Baada yake Wareno hawakumweka sultani mwingine wa ukoo wa Malindi mjini Mombasa, na walipofukuzwa mwaka wa 1698 baada ya mazingiwa ya miaka miwili na zaidi, mji uliingia mikononi mwa Waomani na baadaye Wamazrui, ambao walikuwa na mababu wao wa kuwasifu. Aidha, wenyeji wa Mombasa wangemwimba kwa lipi? Kwao ukoo wa Malindi uliingia mjini nyuma ya mizinga ya Wareno. Mjukuu wa mshindi wao aliwachinja washindi wengine, kisha akaondoka.

Kuondoka huko ndiko sehemu ya kisa isiyompendeza msomaji wa upande wowote. Mwanzoni mwa 1632 merikebu za Goa, chini ya Francisco de Moura, zilikuja kuirudisha ngome zikashindwa. Yusuf alikuwa ameshinda. Mwezi wa Mei mwaka huo, hata hivyo, aliibomoa ngome kadiri alivyoweza, akapakia mizinga katika merikebu aliyoiteka kwa Wareno wenyewe, akaenda zake. Wareno walipoingia mwezi wa Agosti hawakuwa na wa kupigana naye. Ufundi wa bahari na mizinga aliofunzwa kwa ajili ya mfalme wa Ureno aliutumia sasa kuziwinda merikebu za mfalme huyo, mara karibu na Bukini na Visiwa vya Ngazija, mara katika Bahari ya Sham. Miaka hii kama sita ndiyo pekee ya maisha yake ambapo hakuwa chini ya baba, mtawa wala kapteni, na habari zake zimo hasa katika barua za watu waliokuwa wakimsaka. Aliuawa katika Bahari ya Sham karibu na mwaka wa 1638, na mwaka uliofuata likachongwa lile jiwe la mlangoni.