Sproketi: Meno machache yanayoamua nguvu na mwendo wa pikipiki

DEREVA wa bodaboda anayetoka Maposeni, Wilaya ya Songea mkoani Ruvuma, hukutana na aina mbili za barabara ndani ya siku moja. Kwanza ni lami inayounganisha Songea na Mbinga, ambako pikipiki hutakiwa kwenda kwa mwendo wa kutosha bila injini kupiga kelele. Pili ni njia za udongo zinazoingia vijijini, zenye vilima, mashimo na tope wakati wa masika, ambako abiria mmoja na kiroba cha mahindi hutosha kuilemea injini ndogo.

Pikipiki ni ile ile na injini ni ile ile. Kinachoweza kubadilishwa kwa gharama ndogo ili iendane na kazi yake ni sproketi, yaani magurudumu mawili yenye meno ambayo huvikwa cheni. Hata hivyo, mabadiliko hayo yakifanywa kwa kubahatisha, mwenye chombo huishia kupoteza mafuta, cheni na wakati mwingine maisha.

Jinsi nguvu inavyofika kwenye tairi

Nguvu ya injini hupita kwenye klachi, ikaingia kwenye giaboksi, kisha ikatokea kwenye sproketi ndogo ya mbele. Kutoka hapo cheni huipeleka kwenye sproketi kubwa iliyofungwa kwenye gurudumu la nyuma. Kwa kuwa ya nyuma ina meno mengi zaidi, ya mbele hulazimika kuzunguka mara kadhaa ili gurudumu lizunguke mara moja.

Idadi ya mizunguko hiyo ndiyo huitwa uwiano, na kuipata hakuhitaji elimu kubwa. Hesabu meno ya nyuma, kisha yagawe kwa meno ya mbele. Sproketi yenye meno 42 nyuma na 14 mbele hutoa uwiano wa 3.00. Maana yake ni kwamba sproketi ya mbele huzunguka mara tatu kwa kila mzunguko mmoja wa tairi.

Uwiano ukiwa mkubwa, tairi hupata nguvu zaidi ya kusukuma, lakini mwendo hupungua. Uwiano ukiwa mdogo, mwendo huongezeka, lakini nguvu ya kupanda mlima hupungua. Hakuna sproketi inayoongeza vyote viwili kwa pamoja, kwani nguvu ya injini yenyewe haibadiliki.

Jino moja mbele, matatu nyuma

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba jino moja la mbele lina uzito mkubwa kuliko jino moja la nyuma. Kwa pikipiki yenye meno 14 mbele na 42 nyuma, kupunguza jino moja la mbele na kubaki na 13 hupandisha uwiano hadi 3.23. Ili kupata matokeo yanayokaribia hayo kwa kubadili ya nyuma, inabidi kutoka meno 42 hadi 45, ambapo uwiano huwa 3.21.

Tuchukue mfano wa pikipiki hiyo ikiwa inakwenda kilomita 80 kwa saa katika gia ya mwisho. Kwa mizunguko ile ile ya injini, ikifungwa sproketi ya meno 13 mbele itakwenda takriban kilomita 74 kwa saa, huku nguvu ya kusukuma katika kila gia ikiongezeka kwa karibu asilimia 8. Ikifungwa ya meno 15 mwendo utafika takriban kilomita 86, lakini kwa sharti kwamba injini ina nguvu ya kuifikisha huko. Pikipiki yenye injini ndogo, iliyobeba abiria na kukabiliana na upepo, mara nyingi haina nguvu hiyo.

Kazi ndiyo inayoamua

Kwa dereva ambaye safari zake nyingi ni za vijijini, za kubeba mizigo au kupanda milima kama ile ya Umatengo wilayani Mbinga, uwiano mkubwa kidogo kuliko ule wa kiwandani unaweza kumfaa. Pikipiki huondoka kwa wepesi na klachi haichezewi muda mrefu mlimani, hivyo haiungui mapema.

Kwa yule anayeshinda kwenye lami, akipeleka abiria Songea mjini na kurudi, uwiano mdogo kidogo hupunguza mizunguko ya injini na kelele. Lakini ikiwa analazimika kurudi gia ya nne kila anapokutana na kilima kidogo, hiyo ni dalili kwamba amepitiliza.

Kwa anayefanya kazi zote mbili, sproketi za kiwandani kwa kawaida ndizo chaguo salama, kwa sababu mtengenezaji amezipima pamoja na injini na giaboksi.

Suala la mafuta nalo lina pande mbili. Uwiano mkubwa mno huifanya injini izunguke sana hata kwenye lami tambarare. Uwiano mdogo mno huifanya ihangaike, na dereva hulazimika kuvuta mafuta hadi mwisho. Kwa dereva mwenye pikipiki ya mkataba, ambaye lazima apeleke hesabu kwa tajiri kabla ya kupata riziki yake, tofauti ndogo ya mafuta kila siku si jambo la kupuuza.

Usalama kwanza

Sproketi ya mwendo haiongezi nguvu ya breki. Kama pikipiki iliyokuwa ikienda kilomita 74 kwa saa sasa inakwenda 86, nishati ambayo breki zinapaswa kuimaliza huongezeka kwa takriban theluthi moja, na umbali wa kusimama huongezeka hivyo hivyo. Aidha, kwenye mteremko injini huwa haiishikilii pikipiki kama awali, hivyo breki hubeba mzigo zaidi. Kuteremka kwa kuweka nyutro ili kuokoa mafuta huzidisha hatari hiyo.

Anayepakia mgonjwa kuelekea Hospitali ya Peramiho, iliyo jirani, anahitaji zaidi chombo kinachopanda bila kuzimika na kusimama bila kuyumba kuliko chombo chenye mbio.

Kabla ya kununua

Hatua ya kwanza ni kuhesabu meno ya sproketi zilizopo, si kukisia kwa jina la pikipiki. Pili, soma namba iliyopigwa kwenye cheni. Cheni za namba 420 na 428 zote zina nafasi ya milimita 12.7 kati ya pini na pini, lakini 428 ni pana zaidi. Sproketi na cheni lazima ziwe za namba moja.

Tatu, angalia urefu wa cheni. Kuongeza meno matatu nyuma huhitaji takriban pingili moja na nusu zaidi, hivyo cheni ya zamani inaweza isifike. Nne, usipunguze meno ya mbele kupita kiasi. Sproketi ndogo sana huikunja cheni kwa nguvu, na zote mbili huisha haraka.

Tano, badilisha cheni na sproketi zote mbili kwa pamoja. Cheni iliyochoka huwa imerefuka na huyala meno mapya kwa muda mfupi. Njia rahisi ya kupima ni kuivuta ikaze na kupima pingili 20. Ikiwa mpya, urefu wake ni milimita 254. Ikifika takriban 259 imerefuka kwa asilimia 2, na wakati wa kuibadilisha umefika. Meno yaliyochongoka na kuinama upande mmoja ni ishara nyingine.

Baada ya kufunga, hakikisha cheni ina ulegevu uliotajwa na mtengenezaji, ambao kwa pikipiki nyingi ndogo ni kati ya milimita 20 na 30, na gurudumu limenyooka. Klipu ya kiungo cha cheni ielekezwe upande wake uliofungwa kule cheni inakokwenda. Ikiwekwa kinyume inaweza kuchomoka, cheni ikatoka na kulifunga gurudumu la nyuma ghafla pikipiki ikiwa katika mwendo.

Mwisho, badilisha jino moja tu kwa wakati mmoja, kisha endesha siku kadhaa kwenye njia zako za kawaida, ukiwa na mzigo wako wa kawaida, huku ukipima mafuta. Kilima unachokipanda kila siku kitakupa jibu la uhakika kuliko maneno ya kijiweni.