Elizabeth wa Toro
Elizabeth Bagaaya wa Toro (amezaliwa 1936) ni binti mfalme, mwanasheria na mwanadiplomasia wa Uganda aliyewahi kuwa mwanamitindo na mwigizaji. Baba yake, Rukidi III wa ukoo wa Babiito, alikuwa Omukama (mfalme) wa Toro. Elizabeth alisoma sheria Cambridge, na mwaka 1965 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kukubaliwa kuwa wakili nchini Uingereza. Rais Idi Amin alimteua kuwa waziri wa mambo ya nje mwaka 1974, kisha akampiga kalamu mwaka huohuo. Tawasifu yake, *African Princess* (1983), inasimulia malezi ya kifalme, kazi na uhamisho. Hadhi ya ukoo ndiyo nguzo ya kitabu. Mwaka uliofuata aliigiza kama mganga katika filamu *Sheena*, nafasi finyu kwa mtu wa kiwango chake. Mwaka 1986 aliteuliwa balozi wa Uganda nchini Marekani.