Mjazi, Si Msambazaji

Mwenye ndege ya shughuli anayetafuta kampuni ya kumtilia mafuta Dar es Salaam, Entebbe au Wilson hukutana na neno kabla hajakutana na bei. Matangazo ya zabuni humwambia atafute "msambazaji wa mafuta ya ndege anayeaminika", faharasa hukariri hivyohivyo, na waandishi wa habari, ambao hawana nafasi ya kubishana na faharasa, hunakili. (Sisemi "usafiri wa anga wa kibiashara", kama wasemavyo wengine, kwa kuwa biashara ya kuuza tiketi ni ya mashirika, ndege ninayoizungumzia humbeba mwenyewe na shughuli zake.) Hilo neno msambazaji linaeleweka, tena kirahisi mno, kwa sababu linambeba kila mtu: aliyeagiza shehena, aliyeiuza kwa simu pasipo kuiona, na aliyepanda ngazi akafungua kifuniko cha tanki juu ya bawa. Hao ni watu watatu wenye dhima tatu, na katika ndege za shughuli mara nyingi hutoka kampuni tatu. Mnunuzi akipewa jina moja kwa wote hajui amhoji nani. Wa kwanza ni mwagizaji. Wa pili ni dalali, na udalali ni kazi halali, hakuna haja ya kuuonea haya. Huyo wa tatu ndiye mjazi, na mtu wa kuaminika anapotafutwa, atafutwe huyu kwanza.

Tuanze na mizizi, maana wanakamati waliotunga faharasa hizo hawakuanza nayo. Kusambaza ni kufanya kitu kisambae, na kusambaa ni kuenea huku na huku pasipo mpaka: husambaa moto, husambaa uvumi, husambaa kipindupindu. Wakenya wamekipa kitenzi hicho kazi ya kumrushia mwenzako salio la simu, na hapo angalau kinachosambazwa hakiwaki. Mafuta ya ndege yakisambaa kwenye maegesho, huitwa zimamoto. Imekuwaje basi kazi ambayo ufundi wake wote ni kuzuia mafuta yasisambae ikapewa jina la msambazaji? Mgavi, neno la wenye shahada za ununuzi, lina ukoo mwema zaidi, kwani limetoka kwenye gawa. Ila ndugu yake wa karibu ni mgao, na Mtanzania aliyewahi kukaa gizani kwa ajili ya mgao wa umeme hatafurahi kusikia kwamba ndege yake ina mgavi. Mzabuni ana kisa kirefu zaidi. Katika Kiarabu zabuni ni mteja. Waswahili wakalifanya kuwa dau la mnunuzi mnadani, kisha ofisi za serikali zikamhamisha mzabuni upande wa pili wa meza, akawa muuzaji. Neno lililotembea kiasi hicho liachwe lipumzike. Sasa tazama jaza. Kwenye jaa tunapata jaza, jazia, mjazi, na juu ya yote ujazo, ambao ndio kipimo chenyewe cha mafuta yanayouzwa kwa lita. Pwani kitenzi hicho kimekutana na jazaa ya Kiarabu, yaani malipo ya wema, hata anayemwombea mwenzake "Mungu akujaze heri" hatuna haja ya kumuuliza anatumia mzizi upi. Yote mawili yanafaa kwa mtu anayekutilia kitu utakachokitegemea ukiwa futi elfu arobaini juu.

Lakini hoja yangu haisimami kwa mizizi peke yake. Tanzania huagiza mafuta kwa pamoja, yakiwemo ya ndege, na shehena moja hugawanywa kwa kampuni nyingi. Kenya nayo huyapandisha kwa bomba kutoka Mombasa hadi Nairobi, mali ya huyu na ya yule ndani ya bomba moja. Jet A-1, yaani mafuta ya jeti, ni ile ile popote, kwa sharti la kutoganda kabla ya nyuzijoto 47 chini ya sifuri na kutoshika cheche chini ya nyuzijoto 38. Kama meli ni moja na bomba ni moja, kampuni zitofautiane wapi? Zinatofautiana kuanzia depo hadi bawani, na hapo ndipo madhara makubwa yamewahi kuingia. Tarehe 13 Aprili 2010, Airbus A330 ya Cathay Pacific iliyojazwa mafuta Surabaya, Indonesia, ilishindwa kutawala injini zake zote mbili ilipokaribia Hong Kong, ikatua kwa mwendo wa takriban noti 230 ikiwa na watu 322. Uchunguzi ulikuta kwamba maji ya chumvi yalikuwa yameingia kwenye mabomba ya chini ya uwanja wakati wa ujenzi, yakaharibu machujio, na chembe za machujio hayo zikaenda na mafuta hadi kwenye injini. Shehena haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika hatua za mwisho, na hizo ni za mjazi.

Atakayesema kwamba hiyo ni ndege ya abiria, si ya shughuli, amtazame Bob Hoover, rubani mashuhuri wa maonyesho huko Marekani. Katika miaka ya 1970 aliruka na Shrike Commander, ndege ndogo ya injini mbili za pistoni inayotaka avgasi, yaani petroli ya ndege, kumbe kijana wa mafuta alidhani ni nduguye wa turbini akamtilia mafuta ya jeti. Injini zote mbili zikazima punde tu baada ya kuruka. Waliokuwamo walinusurika, na kutokana na mkasa huo ikaja nozeli pana yenye mdomo bapa kwa mafuta ya jeti, isiyoweza kupenya tundu la tanki la avgasi. Mafuta yale yalikuwa safi kabisa, na aliyeyasambaza alitimiza kila sharti. Aliyekosea ni aliyejaza.

Mjazi mwema utamjua kwa mikono. Hafungui mpira kabla hajabana waya wa kuunganisha boza na ndege, maana mafuta yanayokimbia hujichaji umeme. Anakinga mafuta kidogo kwenye chupa nyeupe ya kioo, anayazungusha mpaka yafanye kimbunga kidogo katikati, kisha anaiinua chupa kwenye mwanga na kutazama kitako, ambapo tone la maji hujificha likiwa na umbo la ushanga. Anavuta mafuta kupitia kapsuli ya manjano ya kupimia maji, na ikigeuka kijani kazi inasimama, hata kama bosi amekwisha kupanda. Kisha anaandika lita, na hapa neno langu linadai haki yake tena, kwa kuwa mjazi huhesabu ujazo na rubani huhesabu uzito. Julai 1983, Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta angani ikateleza bila injini hadi Gimli, kwa sababu lita zilizidishwa kwa hesabu ya ratili mahali pa kilo. Mjazi anayeaminika humpa rubani lita, na uzito wa kila lita siku hiyo.

Nimeambiwa, kwa maandishi ya mbwembwe, kwamba mjazi ni jina dogo, linanuka kituo cha petroli, na mkurugenzi mwenye ofisi ya ghorofani hatalikubali. Mkurugenzi asiyejaza hahitaji kulikubali. Yeye ni dalali au mwagizaji, achague. Wengine wanasema mjazi ni mtu, nao wanataka jina la kampuni, kana kwamba mwajiri, mdhamini na mdaiwa katika mikataba yetu ni watu wenye vitambulisho. Pingamizi zito ni moja tu: kwamba msambazaji limekwisha kuzoeleka. Nalikubali, na ndiyo maana naandika. Lakini rubani naye alikuwa mtu wa chombo cha baharini kabla hajapandishwa angani, na ndege alikuwa wa manyoya. Usafiri wa anga haujawahi kuona haya kuchukua neno la zamani lenye kazi inayofanana na kulipa kazi mpya. Unachokikataa ni neno lililotungwa na watu wasiojua mpira unaingia wapi.

Kwa matumizi: mjazi, wajazi, ujazaji, mkataba wa ujazaji, hati ya ujazaji. Wale waliopendekeza mnyweshaji wawaachie wafugaji.