Nyambene na Nchi ya Mikinduri
Nchi ya Mikinduri, iliyo mabegani mwa milima ya Nyambene, haikuumbwa na mkono mmoja. Kwani kabla Wameru wa Tigania hawajashika majembe, volkano zilikuwa zimekwisha kumwaga mawe yaliyoyeyuka na majivu, nayo mvua, kwa subira ya dahari, ikayageuza kuwa udongo mwekundu wenye rutuba, huku mito ya Thangatha na Ura ikichonga mabonde kuelekea Tana. Wenyeji nao walifyeka msitu wakapanda viazi vikuu na miraa. Na hapa nasita kuwalaumu, maana mti wa miraa haung'olewi kila msimu, bali hupogolewa na kurithiwa baba kwa mwana, ile mikongwe ikiitwa mbaine, na mizizi yake huushikilia mteremko usimomonyoke. Kahawa, waliyoruhusiwa Wameru kuilima katika miaka ya 1930, kisha chai, ndizo zilizousukuma msitu kileleni. Huko chini, katika tambarare kame, Mbuga ya Taifa ya Meru, iliyotengwa mwaka 1966, inanyweshwa na maji yayo hayo ya Nyambene, ambayo wakulima wa juu huyatumia kwanza.