Waya wa 21 na Lango Lake

Wahandisi wa IBM walipokuwa wakiunda kompyuta ya PC/AT, iliyotoka mwaka 1984, walikumbana na tatizo la ajabu: prosesa yao mpya ilipiga hesabu vizuri kuliko ile ya zamani, na kwa sababu hiyo ingevunja programu za wateja.

Mzizi ulikuwa 8086, prosesa ya Intel ya mwaka 1978. Nyaya zake 20 za anwani ziliishia kwenye baiti 1,048,576 za kumbukumbu. Anwani ilipatikana kwa kujumlisha namba mbili, na jumla iliweza kuvuka kikomo hicho. Ikivuka, tarakimu ya ziada ilikosa waya wa kupita ikapotea, na prosesa ikarudi mwanzo wa kumbukumbu.

Kasoro hiyo iligeuzwa nyenzo. Tim Paterson, mwandishi wa mfumo uliokuja kuitwa DOS, alitaka programu za CP/M, mfumo wa Gary Kildall uliotamba kwenye prosesa ya 8080, zihamie kwake bila taabu. Programu hizo zilizoea kuuita mfumo kupitia anwani namba 5. Ili wito huo uitikiwe kwenye 8086, DOS ilitegemea kule kuzunguka kwa anwani.

Kisha, mwaka 1982, ikaja 80286, ile prosesa mpya ya PC/AT, yenye nyaya 24. Tarakimu iliyokuwa ikipotea sasa ilipata njia: waya wa 21, uitwao A20 kwa kuwa hesabu huanzia sifuri. IBM ikauwekea lango. Kidhibiti cha kibodi, chipu ya 8042, kilikuwa na pini isiyo na kazi, ikapewa ulinzi wa lango hilo. Tangu hapo, programu iliyohitaji kumbukumbu ya juu ilipaswa kwanza kuomba kupitia chipu ya kibodi, tena kwa mwendo wa kukawia. Kiusanifu, ni jambo baya kabisa. Lakini aliyelipia programu jana alikuwa na haki ya kuzitumia kesho, na haki hiyo ililindwa.

Lango halikubaki kwenye bodi. Prosesa ya 80486 ilipewa pini maalumu kwa ajili yake, na Intel iliendelea kulibeba hadi kizazi cha Haswell, mwaka 2013, ilipoliacha. Hali ya biti 16 ya 8086 ndiyo iliyosalia: prosesa za x86 bado huwaka zikiwa ndani yake. Mwaka 2023 Intel ilipendekeza kuiondoa kupitia usanifu wa X86S. Desemba 2024 ikaachana na mpango huo.